Pampu ya mafuta na klachi: Asiye na sampo anunue kwa kipimo

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mnunuzi anayejua kazi yake huingia dukani akiwa na sampo mkononi. Pampu iliyokufa au klachi iliyokwisha huifungua kwenye gari, huizungushia gazeti kuukuu, huiweka juu ya kaunta na kusema: "Nataka kama hii." Muuzaji hulinganisha, bei inazungumzwa, biashara inakwisha.

Lakini je, kama gari lenyewe halijawahi kuwapo, sampo itatoka wapi?

Hiyo ndiyo hali inayomkabili mtu anayejiundia gari la seti. Hili ni gari ambalo mnunuzi hupewa fremu, bodi na vitu vingine vichache kiwandani, kisha injini, giaboksi na sehemu nyingi zilizobaki huzitafuta mwenyewe na kuziunganisha nyumbani. Biashara hii imeshamiri zaidi nchini Uingereza. Somo letu la wiki hii linachukua vipuri viwili tu vya gari la namna hiyo, pampu ya mafuta na klachi, ili kuonyesha jambo linalomhusu kila mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo: pesa hupotea zaidi kwa kununua kitu kizuri kisicholingana na vitu vingine kuliko kwa kununua kitu kibovu.

KODI ILIYOZAA SOKO

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini Mwingereza aache magari yaliyokamilika madukani, ajifungie gereji miezi kadhaa akiunganisha la kwake. Jibu la awali lilikuwa kodi. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya mhandisi Colin Chapman ilianza kuuza gari dogo jepesi lililoitwa Seven. Wakati huo gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, lakini gari lililouzwa vipande vipande ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe liliikwepa kodi hiyo kihalali. Seti ikawa nafuu, na soko likazaliwa.

Mwaka 1973 Uingereza iliiondoa kodi hiyo na kuleta kodi ya ongezeko la thamani, hivyo faida ya kununua vipande ikatoweka. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua haki za kutengeneza Seven, na gari hilo likaendelea kuuzwa. Mwaka 1996 mwalimu Ron Champion alitoa kitabu cha kumwonyesha mtu wa kawaida namna ya kujiundia gari la kufanana na hilo kwa pauni 250 tu, akitumia Ford Escort kuukuu kama gari la kuchinja, yaani gari linalonunuliwa ili litoe injini, giaboksi, ekseli na usukani. Escort ni jina ambalo wazee wa Afrika Mashariki hawajalisahau, kwani ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1972 na tena mwaka 1977.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Zamani mwenye seti aliokoa kodi. Leo anachoweza kuokoa ni kile anachokipata kwa kununua kwa akili. Akikosea vipuri viwili au vitatu, gari lake la bei nafuu linakuwa ghali kuliko lile la dukani, na pengine lisimalizike kabisa. Matangazo ya kuuza "gari la seti ambalo halijakamilika" ni ya kawaida katika soko hilo. Nyuma ya kila tangazo kama hilo kuna akiba ya mtu iliyolala.

KARATASI KABLA YA PESA

Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kuanza na kipuri. Anaiona pampu nzuri kwa bei ya kutupa, anainunua. Baadaye anapata klachi ya magari ya mashindano kwa punguzo, anainunua. Injini hajaichagua bado.

Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Kwanza ni injini. Pili ni namna injini hiyo inavyopata mafuta, kwa kabureta au kwa injeksheni. Tatu ni giaboksi. Mambo haya matatu yakishaandikwa kwenye karatasi, pampu na klachi zinakuwa zimejichagua zenyewe kwa kiasi kikubwa, na kazi inayobaki ni kutafuta bei.

Sheria nayo ina sauti yake katika uamuzi huu. Tangu mwaka 1998 Uingereza hudai gari la kujiundia likaguliwe na serikali kabla ya kusajiliwa, na utaratibu huo ulifanyiwa mabadiliko mwaka 2009. Miongoni mwa vinavyopimwa ni moshi, na kiwango cha moshi kinachodaiwa hutegemea umri wa injini. Injini ya zamani inaweza kupita ikiwa na kabureta. Injini mpya zaidi hulazimika kuwa na injeksheni na kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo anayechagua injini, bila kujua, ameshachagua na pampu.

PAMPU: PRESHA KWANZA

Watu wengi huiuliza pampu swali moja tu: "Ina nguvu?" Swali hilo halitoshi. Pampu ina vipimo viwili vinavyojitegemea. Kimoja ni presha, yaani inasukuma mafuta kwa mkazo gani. Kingine ni kiasi, yaani inapitisha lita ngapi kwa saa.

Kabureta huhitaji presha ndogo sana. Kabureta za Weber za mapipa mawili, zinazopendwa na waundaji wa magari haya, hufanya kazi vizuri kwenye paundi 3 hivi kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho mafundi hukiita psi. Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo, boya na sindano. Mafuta yakijaa, boya hupanda na sindano hufunga mlango. Ukimfungia pampu ya psi 7 bila kizuizi, mafuta huisukuma sindano hiyo, mlango haufungi, bakuli hufurika, na petroli humwagika juu ya injini yenye moto. Hapo suala si tena la faida na hasara. Ni suala la gari kuungua na mtu akiwamo.

Injeksheni iko upande wa pili kabisa. Mifumo mingi ya injeksheni hudai presha ya psi 43 hivi, yaani zaidi ya mara kumi ya ile ya kabureta. Pampu ya kabureta ikifungwa hapo, injini haiwaki, au inawaka na kukosa nguvu. Mwenye gari atabadili plagi, atabadili koili, atalaumu fundi wa umeme, kumbe kosa lilifanyika dukani siku ya kwanza.

Pampu hizi mbili zinaweza kufanana kwa umbo, zikawa na nyaya mbili na midomo miwili ileile. Muuzaji asiyeuliza "kabureta au injeksheni?" anacheza bahati nasibu kwa pesa za mteja.

KIASI: HESABU NI NYEPESI

Kwa upande wa kiasi, mafundi wana kanuni ya kukadiria isiyohitaji mtaalamu. Injini ya petroli inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hutumia takriban nusu paundi ya petroli kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa. Tuchukue injini ya Ford ya lita 2 iliyoboreshwa kidogo hadi nguvu-farasi 110. Itahitaji paundi 55 kwa saa, ambazo ni kilo 25. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwa hiyo kilo 25 ni kama lita 34. Ukiongeza nusu yake kwa ajili ya tahadhari, unapata lita 51 kwa saa.

Basi. Mwenye injini hiyo akiambiwa anunue pampu ya lita 200 kwa saa kwa kuwa "ndiyo wanayotumia kwenye mashindano", anauziwa kitu asichokihitaji. Aidha, lazima aulize kipimo hicho cha lita kimechukuliwa kwenye presha gani. Pampu nyingi hutangazwa kwa kiasi zinachotoa mdomo ukiwa wazi. Zikianza kusukuma dhidi ya presha, kiasi hicho hushuka.

Pia kuna ile pampu ya kawaida iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na injini yenyewe. Injini nyingi za zamani za Ford zilitoka nayo kiwandani. Kama injini haijaongezwa nguvu sana, pampu hiyo inatosha, haihitaji umeme, na ina sifa moja kubwa: injini ikizimika, nayo inasimama. Mtu akiitupa na kununua ya umeme kwa sababu tu ya fasheni, amejiongezea gharama.

VITU VINAVYOKUJA NA PAMPU

Hapa ndipo bajeti za wengi huvunjika. Pampu ya umeme haiji peke yake. Inahitaji chujio kabla yake ili uchafu wa tangi usiiharibu. Inahitaji fyuzi na rilei. Inahitaji swichi ya mgongano inayokata umeme gari likigonga, kwa sababu pampu ya umeme haijui kwamba ajali imetokea na inaweza kuendelea kumwaga petroli huku dereva akiwa amenaswa.

Mahali pa kuifunga pia ni sehemu ya ununuzi. Pampu nyingi za umeme husukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Hufungwa karibu na tangi, chini, mbali na joto la ekzosi. Ikifungwa mbele karibu na injini ili kuokoa nyaya, italazimika kuvuta mafuta kutoka nyuma, na petroli inayovutwa huku ina joto hugeuka mvuke kwa urahisi. Gari linazimika kwenye foleni saa saba mchana, likipoa linawaka, na hakuna anayeelewa sababu.

Kwa anayechagua injeksheni, orodha ni ndefu zaidi. Magari haya ni mepesi na hukata kona kwa kasi, hivyo mafuta ndani ya tangi dogo hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Dawa iliyozoeleka ni kuweka kitangi kidogo cha kati. Pampu ya presha ndogo hukijaza, na pampu ya presha kubwa hunyonya humo kupeleka kwenye injini. Hizo ni pampu mbili, si moja, pamoja na bomba la kurudishia mafuta yanayozidi.

Mipira ya mafuta nayo isisahaulike. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida katika vituo vya Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli hula mipira ya zamani. Mpira wenye alama R9 umetengenezwa kwa ajili ya injeksheni na huvumilia mafuta hayo vizuri kuliko ule wa R6 wa kabureta. Tofauti ya bei kwa mita ni ndogo. Tofauti ya hatari si ndogo.

KLACHI: KIUNGO CHA PANDE MBILI

Klachi ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni diski, inayobanwa dhidi ya flaiwili ya injini. Ya pili ni presha pleti, inayobana. Ya tatu ni rilizi beringi, inayosukuma vidole vya presha pleti ili diski iachiwe dereva anapokanyaga pedali.

Ugumu wake ni kwamba klachi imeoa pande mbili. Upana wa diski na matundu ya presha pleti hutawaliwa na flaiwili, yaani upande wa injini. Meno ya katikati ya diski hutawaliwa na shafti ya giaboksi. Kwenye gari la kiwandani pande hizo mbili zilipatanishwa na mhandisi. Kwenye gari la kujiundia, ambako injini inaweza kutoka gari moja na giaboksi gari jingine, mpatanishi ni mnunuzi mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Ford. Injini za Escort za lita 1.3 na 1.6 kwa kawaida zilitumia diski ya inchi 7.5, yaani milimita 190. Injini ya lita 2 ilitumia ya inchi 8.5, yaani milimita 216. Giaboksi ya gia tano ya Ford Sierra, iitwayo Type 9, ambayo waundaji wengi huipenda, ina shafti ya kipenyo cha inchi 1 yenye meno 23. Anayefunga injini ya Escort na giaboksi hiyo ya Sierra hawezi kwenda dukani akasema "nipe klachi ya Escort" wala "nipe klachi ya Sierra". Anahitaji diski yenye upana wa flaiwili yake na meno ya shafti yake. Vilevile lazima apime urefu wa shafti, ahakikishe inafika kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya kreki bila kugota.

NGUVU YA KLACHI SI JINA LAKE

Wauzaji hupenda kusifu klachi ya mashindano. Mnunuzi aijibu sifa hiyo kwa hesabu. Nguvu ambayo klachi inaweza kuishika bila kuteleza hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: mkazo wa presha pleti, msuguano wa diski, umbali wa wastani kutoka katikati hadi kwenye kitambaa cha msuguano, na nyuso mbili za diski.

Tuseme mkazo ni nyutoni 4,000, msuguano ni 0.3, na umbali wa wastani ni mita 0.09. Zidisha, kisha mara mbili, unapata nyutoni-mita 216. Injini ya Ford ya lita 2 ya kawaida hutoa kiasi cha nyutoni-mita 150. Klachi ya kawaida, basi, ina akiba ya asilimia 44. Tena gari la seti la aina ya Seven huwa na uzito wa kilo 500 hadi 600 hivi, mzigo mdogo sana kuliko wa gari ambalo klachi hiyo ilitengenezewa. Klachi ya mashindano hapo italeta pedali nzito, gari litaruka kama chura kila linapoondoka, na mwenye gari atakuwa amelipa zaidi ili apate adha.

KANYAGIO NALO LINA HESABU

Magari ya zamani yalitumia waya kuvuta klachi. Waya ni rahisi, lakini kwenye gari la seti mara nyingi njia yake inapita karibu na ekzosi au inajikunja mno. Ndiyo maana wengi huhamia kwenye klachi ya mafuta, ambayo ina silinda ya juu kwenye pedali na silinda ya chini kwenye giaboksi.

Silinda hizi nazo hazinunuliwi moja moja bila hesabu. Ikiwa ya juu ina kipenyo cha milimita 15.9 na ya chini milimita 22.2, mwendo wa milimita 30 juu hutoa milimita 15 hivi chini. Ukibadili ya juu ukaweka ya milimita 19, kwa mwendo uleule unapata milimita 22 chini. Pedali inakuwa nzito, na vidole vya presha pleti vinasukumwa kupita kiasi hadi viharibike. Silinda ilikuwa mpya, ya kiwanda kizuri, na haikuwa na kasoro yoyote. Haikulingana tu.

KISA CHA PIKAPU

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili kabla hajasikia habari za magari ya seti. Mjomba wake ana pikapu ya kubebea mbogamboga. Klachi ilipokwisha, fundi alikuwa bado hajashusha giaboksi, na ili kuokoa muda mjomba alimtuma mpwa wake dukani na jina la gari tu. Diski ikanunuliwa. Jioni giaboksi iliposhushwa, diski mpya ilikaa vizuri kabisa kwenye flaiwili, lakini shafti ikakataa kuingia. Kumbe mwenye gari wa kwanza alikuwa amebadili giaboksi miaka mingi nyuma.

Duka lilikataa kurudisha pesa, kwa kuwa kasha lilikuwa limefunguliwa na diski imeshikwa na mikono yenye grisi. Kisheria huenda walikuwa na haki yao. Pikapu ililala siku tatu, na mboga za siku tatu hazikufika sokoni. Mjomba hakumlaumu mtu. Alisema tu: "Mpwa wangu, wewe umesomea biashara. Tulinunua jina."

HESABU YA MFANO

Tarakimu zifuatazo ni za mfano kwa ajili ya somo, si bei za soko.

Pampu ya presha kubwa, ya punguzo, ni pauni 30. Ili itumike kwenye kabureta inahitaji kipunguza presha cha pauni 40. Jumla pauni 70. Pampu ya presha ndogo inayofaa moja kwa moja ni pauni 45. Ile ya "bei poa" imezidi kwa pauni 25, na imeongeza maungio mawili yanayoweza kuvuja.

Upande wa klachi, diski ni pauni 40, presha pleti pauni 45, rilizi beringi pauni 25. Seti nzima ni pauni 110. Mnunuzi anaiona beringi ya zamani bado inazunguka vizuri, anaamua kuokoa pauni 25. Baada ya miezi sita inaanza kulia. Beringi hiyo haifikiwi bila kutenganisha injini na giaboksi. Kwa saa 8 za fundi kwa pauni 40 kila moja, kazi ni pauni 320. Ukijumlisha na beringi yenyewe ni pauni 345, kwa ajili ya kuokoa 25.

Hapa pana kanuni ambayo mfanyabiashara wa bidhaa yoyote anaweza kuiweka ukutani: thamani ya kipuri ipimwe pamoja na gharama ya kukifikia. Kitu cha bei ndogo kilichofichwa ndani sana kinunuliwe kipya. Ndiyo maana fundi mwangalifu, klachi ikiwa wazi, hubadili pia ile beringi ndogo ya katikati ya kreki na sili ya mafuta ya nyuma ya injini. Sili ikivuja, oili huingia kwenye diski, na klachi mpya inateleza kama ya zamani.

SOMO KWA MUUZAJI

Hadi hapa tumemzungumzia mnunuzi. Lakini wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wako upande wa pili wa kaunta. Nao wana la kujifunza, kwani magari mengi yanayoingizwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, ni ya injeksheni, huku yale ya kabureta yakiwa bado yako barabarani. Pampu za aina zote mbili hukaa rafu moja. Diski za klachi zinazofanana kwa upana na kutofautiana kwa meno hukaa kasha kwa kasha.

Muuzaji anayeuza kwa jina la gari pekee atapata marejesho, ugomvi na mali iliyolala. Anayepima kipenyo, anayehesabu meno, anayeandika presha kwenye kasha kwa kalamu ya wino mzito, anapunguza vyote hivyo kwa gharama ya kalipa moja na dakika tano. Mteja aliyepata kilicholingana mara ya kwanza ndiye anayemleta jirani yake.

KARATASI YA MNUNUZI

Kwa muhtasari, asiye na sampo aandike yafuatayo kabla hajafungua pochi:

1. Injini ni ipi, ya nguvu-farasi ngapi, na inatumia kabureta au injeksheni.

2. Presha inayotakiwa, na lita kwa saa kwenye presha hiyo, pamoja na akiba ya nusu.

3. Pampu itafungwa wapi, na bei ya chujio, fyuzi, rilei, swichi ya mgongano na mipira ya mafuta ikiwa ndani ya bajeti.

4. Upana wa flaiwili na nafasi za matundu yake.

5. Kipenyo cha shafti ya giaboksi, idadi ya meno na urefu wake.

6. Klachi ni ya waya au ya mafuta, na kama ni ya mafuta, vipenyo vya silinda zote mbili.

7. Duka linakubali marejesho kwa masharti gani. Hili liulizwe kabla ya kulipa, si baada.

Karatasi hiyo ndiyo sampo ya gari ambalo halijazaliwa. Mjomba wa mwandishi naye siku hizi anayo ya kwake, imekunjwa ndani ya droo ya pikapu, ina kipenyo na idadi ya meno. Mara ya mwisho klachi ilipobadilishwa, gari lililala usiku mmoja tu.